Kumwita Mzee kwa Jina

Khina Maya Dahal alifaulu mtihani wa kuandika, tena kwa alama ambazo yeye mwenyewe aliziangalia mara mbili asiamini, halafu ule wa vitendo akaanguka kwenye mguu. Si kwamba hakujua kuosha mguu. Katika mtaa wetu wa North Hill, na tuseme katika mji mzima wa Akron, hapa Amerika, sidhani palikuwa na mwanamke aliyeosha miguu ya wazee kumshinda. Kule kambi ya wakimbizi, Nepal, alimwosha mama mkwe wake kwa miaka minne, asubuhi na jioni, mpaka siku bibi wa watu alipokata roho mikononi mwake. Mikono yake ilijua kila kitu. Kilichomwangusha ni mdomo.

Darasa lao la asubuhi lilikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa, chumba kilichonuka kahawa iliyochemka mno. Mwalimu alikuwa Lorna Petrosky, muuguzi mstaafu wa miaka sitini na tisa, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mwanamke huyu alikuwa na msimamo wake. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba mtu mzima anayeshinda kazini amesimama saa nane mfululizo hawezi kuja darasani kuambiwa kuwa kalamu ni kalamu. Basi Kiingereza akawafundisha kwa kazi yenyewe, ile kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Namba walijifunza kwa kuhesabu mapigo ya moyo. Kushoto na kulia walijifunza kwa kumgeuza mtu kitandani. Mambo yaliyopita walijifunza kwa kueleza mgonjwa alikula nini jana na alikwenda choo mara ngapi, na hapo darasa zima lilikuwa likicheka hadi machozi.

Khina Maya alikuwa amesoma miaka miwili tu maishani mwake, chini ya paa la mianzi. Hapa Amerika alikuwa ameshapita katika madarasa mawili ya Kiingereza, akatoka na salamu ya asubuhi na maumivu ya kichwa. Kwa Lorna, miezi mitano haikwisha kabla hajaweza kumwambia mtu kwamba maji ni ya vuguvugu, kwamba sasa atamgeuza upande, kwamba asiogope, yupo naye. Yeye mwenyewe alishangaa. Kumbe lugha ile ilikuwa inaingia, ila ilitaka ipitie mikononi kwanza.

Mgonjwa wao wa mazoezi alikuwa mwanasesere wa mpira mwenye ukubwa wa mtu mzima, ambaye hospitali fulani ilimchoka ikamtoa. Walimwita Bwana Harold. Alikuwa na upara, jicho moja halifungi, na mguu wa kushoto haukuwa na vidole. Hakuna aliyemhudumia kwa madaha kama Khina Maya. Alimsalimia kwa jina, akajitambulisha, akamweleza anachotaka kufanya, akamwosha ule mguu wa kulia na kuukausha katikati ya vidole. Rafiki yake Pabitra, mwanamke asiyeweza kukaa na utani moyoni, alikuwa akimwambia, "Dada, siku huyo Harold akipuliziwa roho, shemeji atafute mke mwingine."

Sasa, cheti cha uhudumu wa wagonjwa walichokuwa wakikisomea hakikuwa pambo la ukutani. Wakati huo Khina Maya alikuwa akifanya kazi ya kupakia kuku waliogandishwa, mwendo wa saa nzima kwa basi la kampuni. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika. Aliondoka saa tano asubuhi na kurudi wote wamelala, na mumewe naye alikuwa kwenye maghala tangu alfajiri, kwa hiyo baba mkwe wake alibaki peke yake mchana kutwa. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, na mikono yake ilitetemeka. Alikula wali uliopoa, nusu ukimwagika kifuani, na siku nyingine hakula kabisa kwa sababu aliona haya kuwaachia wali sakafuni. Nyumba ya wazee ya matofali mekundu, dakika tano kwa miguu kutoka kwao, ilikuwa imemwambia Khina Maya alete cheti tu, wampe zamu ya asubuhi. Saa ya chakula cha mchana angeweza kukimbia nyumbani, akamlisha mzee, akarudi. Hicho ndicho alichokitaka, hakuna kingine.

Mtihani wa vitendo mtu aliruhusiwa kuujaribu mara tatu. Akianguka mara ya tatu, anarudia kozi nzima tangu mwanzo. Na kozi yenyewe ilikuwa inafungwa mwezi wa Juni, kwa kuwa wafadhili wamejitoa.

Mara ya kwanza alifika kwenye chumba cha mtihani amejiamini. Kumbe kule hakuna mwanasesere. Wanaweka mtu hai anayejifanya mgonjwa, na siku hiyo kitini alikaa bibi kizee mwenye nywele nyeupe pe, na kwenye utepe wa mkononi imeandikwa Evelyn Marsh. Khina Maya aliusoma utepe vizuri. Kulitamka lile jina ndiko kulikomshinda. Kwetu sisi tuliotoka Bhutan, mdogo hamwiti mkubwa kwa jina. Kuna baba, mama, babu, bibi, kaka, dada, na kila mtu ana lake katika hayo. Jina ni la karatasi na maofisa. Khina Maya alikuwa ameolewa miaka ishirini na minne, na jina la mumewe hakuwahi kulitaja, seuze la baba mkwe. Ofisini wakiuliza, alikuwa akionyesha kitambulisho kwa kidole. Bwana Harold alikuwa mpira, hakuwa mzee wa mtu. Huyu wa leo alikuwa anapumua.

Basi akasema, "Habari za asubuhi, Bibi." Msimamizi alingoja na kalamu yake hewani. Khina Maya akaosha ule mguu ukang'aa, lakini mgonjwa asiyeitwa kwa jina ni mgonjwa ambaye hajathibitishwa kuwa ni yeye, na hilo peke yake lilitosha kumwangusha.

Lorna alipomuuliza kulikoni, alisema aliogopa tu. Angeanzia wapi kueleza?

Mara ya pili alijikaza kisabuni. Safari hii kitini alikuwa mzee mwanamume, Bwana Russell. Khina Maya akavuta pumzi, akalitoa jina. Lilitoka kweli, wazi kabisa, na papo hapo akajisikia amempiga kofi babu wa watu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaosha, akasuuza, na kabla hajajijua, mkono wake ukafanya kile ambacho mikono yetu hufanya tukimkosea mkubwa, hata tukimkanyaga kwa bahati mbaya: ukagusa mguu wa mzee ndani ya beseni, kisha ukapanda juu ukagusa paji la uso wake mwenyewe. Mkono wenye glovu, umelowa maji machafu ya miguu. Sabuni ikamteremka kwenye nyusi. Msimamizi akaweka kalamu mezani, na usafi ukawa umeharibika wote.

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika duka la viungo la mtaani kwetu. Pabitra, ambaye alifaulu mara ya kwanza, alishindwa kujizuia: "Dada, wenzio wanamwosha mgonjwa, wewe unajiosha uso?" Watu walicheka. Khina Maya naye alicheka, kisha akaenda nyumbani akajifungia bafuni akalia, maana ilikuwa imebaki mara moja tu.

Jumamosi iliyofuata Lorna Petrosky alikuja nyumbani kwao bila kualikwa. Alivua viatu mlangoni, kazi iliyomchukua dakika nzima kwa sababu ya yale magoti. Alipewa chai ya maziwa na tangawizi, akakaa. Kwenye kochi la pembeni, karibu na dirisha, alikuwepo baba mkwe na kofia yake ya kitambaa kichwani. Mzee Dahal hakuwahi kuipenda kozi hii. Mwanamke wa ukoo wa makuhani kushika uchafu wa watu asiowajua hata asili yao! Wiki za mwanzo alikuwa akimtaka mkwewe aoge mwili mzima kabla hajaingia jikoni, na Khina Maya alioga bila neno.

Lorna hakuja kwa maneno mengi. Alisema ameyaona matokeo yote mawili na hayamwingii akilini, kwa sababu anamjua mwanafunzi wake. Kwa hiyo amwambie ukweli. Khina Maya akatazama zulia. Kisha akaanza kusema, kwa Kiingereza, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kusema mambo mengi hivyo kwa lugha ile bila kusimama. Alisema habari za majina. Alisema habari za mkono na paji la uso. Maneno mengine aliyakosa, akayaonyesha kwa vidole.

"Mwalimu, jina la mzee si la mdomo wangu," alimalizia. "Nikilisema, nimemshusha."

Lorna aliweka kikombe cha chai mezani. "Miezi mitano nimekufundisha kwa mwanasesere," alisema. "Sikukuuliza hata siku moja kwenu mzee anaitwaje. Hilo ni kosa langu, Khina, si lako."

Watu wengi walikuwa wamemtendea wema Khina Maya katika nchi hii. Walimpa blanketi, makoti, sufuria, na hakumsahau hata mmoja. Lakini mtu wa kumwambia kosa ni langu, si lako, hakuwahi kumpata, wala kambini wala hapa, na moyo wake ulimshukuru mwanamke yule kiasi kwamba hakuweza kumtazama. Lorna akaendelea. Akamweleza kwamba kwenye nyumba ya wazee kuna watu arobaini. Ukiita Bibi, wanageuka ishirini, na dawa ya mmoja inaingia kinywani mwa mwingine. Jina halimshushi mzee pale, linamlinda. Alichohitaji Khina Maya ni kuzoea kwa mtu hai, tena mzee hasa. Akisema hayo, macho yake yakaenda yenyewe kwenye kochi la dirishani, yakashuka mpaka miguuni.

Mzee Dahal hakujua Kiingereza, lakini macho anayajua.

"Amesema nini huyo mama?" aliuliza.

"Anasema chai ni tamu, Baba."

"Chai haisifiwi huku mtu anautazama mguu wangu."

Ikabidi aambiwe ukweli. Khina Maya aliusema haraka, uso umeinama, akitamani sakafu impokee.  Mzee aligeukia dirisha na kuwapa mgongo. Lorna akaelewa amekanyaga pasipokanyagika, akaaga kwa upole, akaenda kupigana na viatu vyake mlangoni.

Kesho yake asubuhi Khina Maya alisikia maji yakimwagika bafuni, kisha hatua nzito, kisha kimya. Alipofika sebuleni alikuta zulia limelowa mstari mzima kutoka bafuni. Baba mkwe wake alikuwa ameketi kitini na suruali imekunjwa hadi magotini. Mbele yake lilikuwa beseni la bluu la kufulia, nusu ya maji yake njiani. Alilibeba mwenyewe, kwa mikono ile.

"Njoo," alisema.

Khina Maya akapiga magoti. "Baba, nitakuosha. Lakini lile jingine siwezi."

"Kuoshwa naweza kujiosha. Nimekaa hapa kwa ajili ya lile jingine."

Alipoona mkwewe hainui macho, aliongea akitazama maji.

"Jina langu limeitwa na watu wengi, mkwe. Askari waliliita siku tuliyofukuzwa Bhutan, nikatia saini karatasi nisiyoisoma. Kambini liliitwa kwa kipaza sauti miaka kumi na minane, kwenye foleni ya mchele, na vijana wadogo kuliko mwanangu, tena wakilikosea. Wote hao niliwaitikia. Wewe uliyemfumba macho mke wangu, wewe ndiye usilitaje?" Akautia mguu ndani ya beseni. "Liseme. Nataka nilisikie mara moja likitoka mahali pazuri."

Khina Maya alilia, na hakujificha. Alililia lile zulia lililolowa, na lile beseni, na miaka yote ile aliyodhani mzee hamwoni. Kisha akalisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

"Sikusikia," alisema mzee. "Leo mimi ni mzungu, halafu ni kiziwi."

Akacheka katikati ya machozi, akainua uso. "Habari za asubuhi, Bwana Kashi Nath. Mimi naitwa Khina Maya. Leo nitakuosha mguu."

Mzee aliitikia kwa neno la Kiingereza analolijua, lile la kukubali. Khina Maya akamwuliza kama maji yanamfaa. Akaosha juu, chini, kisigino, akapita kwenye kovu la zamani alilolipata kwenye shamba lao la machungwa kule Bhutan. Mkono ulipoanza kupanda kuelekea kwenye paji, mzee aliuvuta mguu.

"Mkono chini," alisema. "Hiyo ni ya baadaye. Maliza kazi, nawa, halafu uniinamie ukitaka."

Wiki tatu walifanya hivyo kila asubuhi kabla ya basi la kuku. Mzee akawa msimamizi mkali kupita yule wa kwenye mtihani. Siku moja alijifanya amekasirika, siku nyingine alijifanya amesinzia, siku nyingine alikataa katakata kuoshwa ili aone mkwewe atasema nini. Alilalamika kwamba ngozi ya mguu wa kulia inakwisha, wahamie wa kushoto. Khina Maya akimaliza alivua glovu, akanawa, ndipo akaigusa miguu ile mikavu na kugusa paji lake. Habari ya kuoga kabla ya kuingia jikoni haikutajwa tena.

Siku ya mtihani wa tatu, kitini alikaa mama mmoja mzee mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba. Utepe wake ulisema Dolores Whitcomb. Khina Maya alisimama mbele yake, akakumbuka beseni la bluu.

"Habari za asubuhi, Bi Dolores Whitcomb," alisema, na sauti ikajaa chumba. Alijitambulisha, akaeleza kazi, akamtaka apime joto la maji kwa vidole vyake. Aliosha. Alikausha katikati ya vidole kimoja kimoja. Mafuta akayapaka mguu mzima, ila si katikati ya vidole. Mara mbili mkono ulitaka kupanda; mara mbili aliukamatisha taulo. Alimwaga maji, akavua glovu, akanawa mikono kwa kuhesabu kama alivyofundishwa. Yote yalipokwisha, aliunganisha viganja mbele ya kifua akamwinamia kidogo yule mama. Bi Dolores, ambaye alikuwa hatakiwi kusema lolote, akaunganisha vyake.

Matokeo yalitoka kwenye simu alasiri. Lorna alikuwa akimngoja kwenye maegesho ya magari, ameegemea gari lake. Aliisoma ile simu, akairudisha, akaomba aisome tena, kisha akaanza kupangusa miwani isiyokuwa na vumbi. Khina Maya aliinama pale pale kwenye lami akagusa viatu vya mwalimu wake, vyenye matope, akapeleka mkono kwenye paji. Lorna alitaka kumwinua, magoti yakamkatalia.

"Khina, unafanya nini? Watu wanatuangalia."

"Leo hapa hakuna maji, mwalimu," alisema Khina Maya. "Leo ruhusa."

Alifika nyumbani jua bado lipo. Kupitia dirishani aliiona kofia ya kitambaa, na alipofungua mlango aliona sahani ya wali mezani, imefunikwa, haijaguswa. Mzee alikuwa amemngoja. Alimtazama usoni akayasoma majibu huko huko. Kisha akajiweka sawa kwenye kochi, akakohoa.

"Khina Maya," alisema.

Khina Maya alisimama na kiatu kimoja mguuni. Aligeuka kuangalia nyuma yake, kama kwamba kuna mtu ameingia naye. Kwa miaka ishirini na minne ndani ya familia ile alikuwa mkwe, alikuwa mama, alikuwa mke. Jina hilo alipewa na baba yake mzazi, akaliacha mlangoni siku aliyoolewa, na tangu hapo lilikuwa likiitwa na wasimamizi wa kuku na watu wa ofisini. Hakuwa amejua kwamba analikumbuka kiasi kile.

"Khina Maya," mzee alirudia kwa sauti zaidi, wazi, jina kwanza na maelezo baadaye, kama inavyotakiwa. "Wali umepoa. Pasha, tule pamoja."

"Ndiyo, Baba," alisema.

Akavua kiatu cha pili, akanawa mikono mpaka kwenye vifundo, akaichukua ile sahani na kwenda nayo jikoni.